Faili Lisiloulizwa Cheo Chake

Umma unatangaziwa kwamba Ofisi ya Vyeti vya Kuzaliwa imepata mlango wa kuingilia. Haukupatikana kirahisi. Ulichukua vikao vinane, katoni mbili za maji ya chupa na kamati yenye jina refu kuliko ripoti yake: Kamati Maalumu ya Kusimamia Hadhi ya Mafaili na Kuratibu Mlango Mkuu wa Kuingilia katika Programu. Katibu wake nilikuwa mimi.

Nilistahili. Mimi ndiye Afisa Itifaki wa ofisi hii. Kazi yangu ni kujua nani anaingia kwanza, nani anakaa wapi, na nani anapewa kikombe chenye kisahani. Nilianza zamani, shule ya bweni, nilipokuwa kiranja wa foleni ya bafu, nikaona kwa macho yangu jinsi nchi inavyoweza kuangamia mtoto wa kidato cha kwanza akioga kabla ya mtu wa kidato cha nne.

Programu yenyewe iliandikwa na fundi wa mtambo, binti wa mkataba, mwembamba, mwenye tabia mbaya ya kujibu swali aliloulizwa. Aliiandika kwa lugha ya Python. Mkurugenzi alipoelezwa kwamba hilo ni jina la chatu, aliagiza madirisha ya chumba cha mtambo yawekwe wavu. Yakawekwa.

Kabla ya hapo vyeti viliandikwa kwa mkono, na mtu aliyezaliwa leo aliweza kupata ushahidi wa jambo hilo akiwa na ndevu. Binti aliigawa kazi katika mafaili matano: la maombi, la kumbukumbu, la watumishi, la chapa, na la mwanzo, ambalo kazi yake ni kuyaita mengine kwa zamu. Katika majaribio, cheti kilitoka kwa dakika nne. Ofisi nzima ilishikwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo ulipata sura siku Mkuu wa Kumbukumbu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, alipochungulia skrini ya binti na kukuta mstari huu karibu na mwisho wa faili la idara yake:

if __name__ == "__main__":

"Hii nini?" akauliza.

"Ni swali, mzee," binti akasema. "Faili unaloliamsha wewe mwenyewe, Python hulipa jina la main, yaani kuu. Hapo ndipo programu inapoingilia. Mafaili mengine yakiitwa tu kuja kusaidia, yanabaki na majina yao ya kila siku. Sasa mstari huu unaliuliza faili: leo wewe ndiye mkuu? Kama ndiye, fanya haya yaliyoandikwa chini yangu. Kama umeitwa kusaidia, toa vyombo vyako vitumike, halafu ukae kimya."

"Unaliuliza faili langu kama ni kuu?"

"Kila linapoitwa, mzee."

"Na likiitwa na lile la mwanzo linajibu nini?"

"Linajibu hapana."

Mkuu wa Kumbukumbu aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho hakikuwa cha cheo chake. "Miaka ishirini na miwili ya utumishi," akasema taratibu, "halafu kila asubuhi naulizwa mimi ni nani, na najibu mimi si mtu."

Habari ilienea. Mkuu wa Watumishi alikwenda kuangalia faili lake, akakuta swali lile lile. Mkuu wa Chapa hakwenda kuangalia. Alisema akiona atapandisha presha. Kufikia saa nane mchana idara zote zilikuwa zimeacha kazi kwa uchungu, ingawa mgeni asingeona tofauti.

Ndipo kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, mtu ambaye nyuma ya mgongo wake tulimwita Bwana Kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipita mlangoni wa pili. Hata lifti ikiwa imejaa, watu hushuka, yeye akaingia, kisha wakaanza upya.

Vikao saba vya mwanzo vilijadili mpangilio wa viti. Cha nane kilijadili programu.

"Hoja yangu ni fupi," alisema Mkuu wa Kumbukumbu. "Mtu mwenye ofisi, zulia na mwavuli wa serikali haulizwi kama ni mkuu. Swali liondolewe."

"Liondolewe katika mafaili yote," aliongeza Mkuu wa Watumishi, "ili pasiwe na faili linalojiona."

"Na ile mistari iliyosogezwa ndani, chini ya swali," alisema Mkuu wa Chapa, "isogezwe nje. Inaonekana kama imejificha. Ipangwe sawa na mingine."

Binti aliinua mkono. Itifaki haimruhusu mtu wa mkataba kuinua mkono, lakini alikuwa ameshauinua.

"Wazee wangu, mkiondoa swali, yaliyo chini yake yatafanyika kila faili linapoitwa, hata likiitwa kusaidia tu. Na yale ni majaribio yangu. Chukueni faili la watumishi. Linaitwa kila cheti kinapotolewa, kuangalia nani ana ruhusa ya kusaini. Pale chini najaribu kama kushusha cheo kunafanya kazi. Namshusha mtu wa bandia ngazi moja, aliye chini yake anapanda, naitazama orodha, basi. Likiwa chini ya swali, linatulia. Bila swali, kila mwananchi akihudumiwa mtu huyo atashushwa."

"Mtu gani?" Mkurugenzi akauliza.

"Wa bandia, mzee. Nimemwita Jaribio."

"Ameandikwa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Ni mfano tu."

Hapo wajibu wangu uliniita. Nilisimama na kueleza kwamba Mheshimiwa ndiye wa kwanza katika kila orodha ya ofisi hii, pamoja na orodha ya zamu za usafi, ambazo hashiki. Kwamba Jaribio hajulikani, hana faili la ajira, na hajawahi kunisalimu. Kamati ilikubali kwa sauti moja kwamba swali liondolewe, Jaribio aondolewe na jina la Mkurugenzi liwekwe mahali pake, na mafaili yasiguswe tena bila kibali cha Mkurugenzi.

"Mzee," binti akasema, "basi utashuka wewe."

Mkurugenzi alicheka kwa upole wa mtu aliyelala vizuri. "Binti yangu, mimi nina miaka thelathini serikalini. Sijawahi kushuka."

"Itakuwa kwenye orodha halisi, mzee."

"Kwani kuna orodha nyingine ambayo mimi si halisi?"

Katika kumbukumbu za kikao niliandika: Fundi alitoa shukrani.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa. Tulipaka rangi ukuta unaoonekana na mlango. Dirisha la huduma lilifutwa vumbi. Juu ya dirisha tulitundika televisheni kubwa iliyoonyesha Safu ya Uongozi moja kwa moja kutoka faili la watumishi: ngazi kumi na mbili, kila ngazi na jina la cheo chake na picha ya mwenye cheo. Juu kabisa Mkurugenzi, kisha Naibu, kisha wakuu watatu wa idara, kisha mimi, karani wa dirisha, dereva, mlinzi, tarishi na mfagizi. Ngazi ya kumi na mbili iliandikwa Mwananchi, na mahali pa picha palikuwa na kivuli cha kijivu chenye kichwa na mabega. Kaulimbiu ya siku ilikuwa Mwananchi Kwanza. Tulimweka wa kumi na mbili kwa sababu hakuleta picha.

Wananchi wenyewe walikuwa kwenye benchi tangu alfajiri. Nitamtaja mmoja tu, aliyeshika namba kumi na moja: mama mshonaji, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, uzi wa bluu umenasa kwenye mkono wa gauni. Hushona sare za shule. Alikuwa amekuja siku ya nne mfululizo kwa ajili ya cheti cha binti yake wa mwisho. Shule ilitaka cheti hicho ili kumwandikisha mtihani wa kumaliza, na orodha ya watahiniwa ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana. Asiyekuwemo angengoja mwaka mzima.

Simu yake ililia katikati ya hotuba ya Mkurugenzi. Nilimtazama kwa jicho la itifaki. Hakuliona.

"Mama, umefika dirishani?" Sauti ya mtoto ilisikika mpaka nilipokuwa.

"Bado mwanangu. Kuna mtu anaongea."

"Mwalimu mkuu amesema saa sita ikigonga anapeleka orodha. Amesema hata mimi mwenyewe nikisimama mbele yake, bila karatasi sijazaliwa."

"Kaa hapo hapo mlangoni kwake. Usiende hata chooni."

"Mama, naomba usikasirikiane nao."

"Sikasiriki. Nimekaa nimetulia kama mwali."

Mkurugenzi alikuwa amefika sehemu anayoipenda. "Kuanzia leo," alisema, "mtambo ndio msema kweli wa ofisi hii. Ukisema hukuzaliwa, usije kubishana na mimi kwa mdomo. Kuna fomu ya masahihisho. Ijaze, niletee, nitaisaini nikipata nafasi. Mtambo hauna ndugu wala upendeleo."

Tulipiga makofi kwa mpangilio wa vyeo. Ilikuwa saa nne na nusu.

Namba moja aliitwa. Karani wa dirisha, dada mmoja ambaye kwa kawaida huanza kazi baada ya kupaka kucha rangi zikakauka, alibonyeza. Programu iliamka, mafaili yakaitana, cheti kikatoka kikiwa cha moto. Makofi. Kisha tukaona kwenye televisheni picha ya Naibu imekwenda juu kabisa, na ya Mkurugenzi iko chini yake.

Naibu alitazama picha yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kasoro na kuikosa.

"Televisheni imeharibika," Mkurugenzi akasema.

"Televisheni ni nzima," binti akasema kutoka pembeni. "Orodha ndiyo imebadilika. Nilieleza kwenye kikao."

"Ulitoa shukrani," nikamkumbusha.

"Simamisha huduma," Mkurugenzi akaagiza.

Hapo Naibu alikohoa. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimemsikia akikohoa, lakini mara zote ilikuwa kwa kuomba ruhusa. Hii haikuomba kitu. "Ndugu Naibu," akamwambia Mkurugenzi, "huduma kwa mwananchi haiwezi kusimamishwa siku ya uzinduzi. Namba mbili."

Namba mbili alihudumiwa. Picha ya Mkuu wa Kumbukumbu ilipanda hadi ya pili, ya Bwana Kwanza ikashuka hadi ya tatu. Mkuu wa Kumbukumbu alivuta suruali yake juu kidogo na kusema kwamba, kwa maoni yake ya kitaalamu, mtambo unafanya kazi barabara.

Kwa upande wangu, nilikuwa na kazi ya kufanya. Itifaki hufuata orodha, na orodha ilikuwa ukutani, inasomeka hata na asiyetaka. Nilimwomba Mheshimiwa ahame kutoka kiti kirefu cha ngozi kwenda kile kisicho na mikono. Kisahani cha kikombe chake nilikihamishia kwa aliyekuwa Naibu, nikabakiza kikombe.

"Wewe," akaniambia, "nimekuajiri mimi."

"Na nitaendelea kukushukuru, Mheshimiwa, katika nafasi yoyote utakayokuwa nayo."

Akamgeukia binti. "Rudisha ule mstari. Sasa hivi."

"Naweza," binti akasema. "Ni kazi ya dakika moja. Lakini kamati yenu iliamua hakuna kugusa mafaili bila kibali cha Mkurugenzi."

"Nakupa kibali."

"Mzee, samahani. Wewe ndiye Mkurugenzi?"

Alitazama televisheni.

"Basi nipeni hiyo fomu ya masahihisho," akasema. Nilimpa. Aliijaza kwa mwandiko mzuri, akaipeleka kwa aliyekuwa Naibu, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha ngozi na kugundua kwamba kinazunguka.

"Nimeipokea," alisema yule, akiiweka chini ya glasi ya maji. "Nitaisaini nikipata nafasi."

Kilichofuata ni jambo ambalo wataalamu wa utawala watalisoma kwa faida. Ofisi yetu, ambayo haijawahi kumhudumia mtu kabla ya chai, ilishikwa na moto wa utumishi. Kila aliyekuwa chini ya Bwana Kwanza alielewa kwa wakati mmoja kwamba mwananchi mmoja akihudumiwa, mtumishi mmoja anapanda. Mkuu wa Watumishi alimshika namba tatu mkono na kumpeleka dirishani kama bwana harusi. Mkuu wa Chapa alikwenda mwenyewe kubeba karatasi kwa ajili ya namba nne, mtu ambaye hajabeba kitu tangu apate begi lenye magurudumu. Namba tano, babu mwenye bakora, alipewa kiti, akapepewa, akaulizwa habari za wajukuu. Nilimpepea mimi. Picha yangu ilipanda hadi ya tano na nikawa Mkuu wa Chapa. Nilipokea uteuzi huo kwa unyenyekevu, kisha nikaagiza zulia.

Dosari ilikuwa moja, na ni ndogo: kila aliyepanda aliacha kazi palepale. Waliokuwa wakuu waliingia vyumba vyao vipya kupima ukubwa. Karani alimhudumia namba sita kwa kasi ambayo kucha zake hazikuitegemea, akawa Afisa Itifaki, akasimama, akasema kwamba mtu wa cheo chake haonwi dirishani.

"Sasa namba saba nani atamhudumia?" akauliza mwanamke mmoja kwenye benchi.

Dereva alikuwa ameshaingia mbio, ufunguo wa gari mdomoni. Alibonyeza, akamhudumia namba saba, akawa karani, akaenda kutafuta miwani. Mlinzi aliacha geti wazi, akamhudumia namba nane, akawa dereva, na dakika mbili baadaye tulisikia gari likitoka. Tarishi alimhudumia namba tisa, akawa mlinzi, akasimama mlangoni kifua mbele.

Aliyemhudumia namba kumi ni mfagizi, bibi wa deki, mwanamke wa makamo mwenye kanga kiunoni na ndala za plastiki, ambaye huingia kabla yetu sote na ambaye jina lake, nakiri, sijawahi kulihitaji. Alifuta mikono, akauliza kitufe ni kipi, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu chuma cha pasi. Akawa tarishi. Bwana Kwanza akawa mfagizi.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na mbili.

Hapo ukumbi ulitulia. Chini ya Bwana Kwanza hakuwa amebaki mtumishi yeyote. Kilibaki kile kivuli cha kijivu. Yaani namba kumi na moja akihudumiwa, hakuna atakayepanda ila mwananchi, na kwa hilo hakuna aliyekuwa na haraka. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Karani mpya alikuwa bado anatafuta miwani.

Mama mshonaji alisimama mbele ya kioo na kikaratasi chake. "Jamani, mimi ndio namba kumi na moja."

"Subiri, mama," nikamwambia. "Tuko kwenye kipindi cha mpito."

"Mpito wa saa ngapi?"

"Haujapangiwa muda."

Simu yake ililia. Hakuipokea, alijua inasema nini. Aliivua tepu shingoni, akaanza kuizungusha kwenye vidole, akaikunjua, akaizungusha tena.

Bwana Kwanza, wakati huo, alikuwa amefanya hesabu yake. Ngazi ya mfagizi ilikuwa na aibu zake, lakini ilikuwa na haki moja ambayo hakuna cheo kingine kilichokuwa nayo: kwa mujibu wa mwongozo wa ofisi, mfagizi peke yake anaruhusiwa kuchomoa waya wa mtambo, ili adeki. Alipiga magoti chini ya meza ya dirisha, suti na yote, akashika waya.

"Nikichomoa," akasema akiwa huko chini, "hakuna anayeshuka tena. Jumatatu tutaita kikao."

"Baba," mama mshonaji akasema, "mtoto wangu hana Jumatatu."

"Kuna utaratibu, mama."

"Utaratibu nimekaa nao siku nne. Umenichosha kiuno. Mimi sitaki cheo chako, nataka karatasi yenye jina la mwanangu. Nikishapata hiyo karatasi mkononi mwangu, chomoa hata ukuta."

Nilitafuta kifungu kinachohusika. Kumbe bibi wa deki alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Wewe baba," akamwambia Bwana Kwanza. "Toka huko chini."

"Mimi nina haki ya waya. Mimi ndiye mfagizi."

"Ndiyo, wewe ndiye mfagizi, na mimi ni tarishi. Niangalie pale ukutani, niko juu yako. Sasa sikiliza. Waya hauchomolewi mpaka ndoo iwe imejazwa. Ndoo umejaza?"

Chini ya meza, mkono uliuachia waya.

"Dekio umelikamua?"

"Bado."

"Unataka kuchomoa waya kwa kazi gani? Nenda kajaze ndoo. Bomba la ndani halitoi maji, nimekuandikia barua mara sita, ukazipokea. Kajaze kwenye lile la nje. Anza na korido, uje huku mwisho. Na hizo kona usinipitie juu juu, mimi nazijua."

Bwana Kwanza alitoka chini ya meza taratibu, magoti ya suti yakiwa meupe kwa vumbi la miaka ambayo sisi hatukuinama. Alinitazama mimi, nimtetee. Ningependa. Lakini bibi alikuwa ngazi ya kumi na yeye wa kumi na moja, na hapo itifaki haina shaka. Nilimfungulia mlango wa korido. Kwa mara ya kwanza maishani alipita wa pili, kwa sababu bibi alitangulia kumwonyesha ndoo.

Bibi alirudi akimwita binti wa mtambo. "Wewe mtoto, njoo ukae hapa."

"Mimi si wa orodha, bibi. Mimi ni wa mkataba. Sina ruhusa ya dirisha."

"Kama huna orodha, hakuna wa kukushusha. Kaa."

Binti aliketi. Aliandika jina la mtoto, akaigeuza skrini ili mama alisome mwenyewe, jambo ambalo mwongozo wetu haulitaji popote. Mama alilisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza. "Ndilo," akasema. "Lina h mbili. Usiiache ya pili, shule waliiacha wakamfanya mtu mwingine."

Binti akabonyeza.

Mafaili yaliamka, yakaitana. La watumishi likaitwa kusaidia na, kwa kuwa hakuna aliyeliuliza kitu, likafanya yake. Cheti kilitoka. Bibi, ambaye kama tarishi ndiye mwenye haki ya kuchukua karatasi kutoka kwenye mashine, aliichukua kwa ncha za vidole, akaipulizia, akaipitisha kwenye kijishimo cha kioo.

"Saa ngapi?" mama akauliza.

"Sita kasoro kumi na mbili," binti akasema.

"Nitafika." Alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi hatua mbili, akamshika bibi mkono, akatoka. Tulimsikia akivuka barabara na simu sikioni: "Mshike mwalimu hapo. Mshike hata koti. Umezaliwa, mwanangu, ninayo hapa."

Kwenye televisheni, kile kivuli cha kijivu kilikuwa kimepanda ngazi ya kumi na moja. Chini yake, penye neno Mwananchi, ilikaa picha ya Bwana Kwanza katika tai ya bluu, akitabasamu kama alivyotabasamu siku ile ya mpiga picha.

Mlinzi mpya alimkuta kwenye korido akivuta ndoo. Alimweleza kwa adabu kwamba mwananchi haruhusiwi kupita upande ule wa mstari wa manjano, wala kushika vifaa vya ofisi. Alimnyang'anya dekio. Alimwuliza kama ana namba.

"Mimi natafuta masahihisho tu," Bwana Kwanza akasema. "Fomu yangu iko ndani, chini ya glasi."

"Wote hapa wana kitu ndani, mzee. Chukua namba."

Akachukua. Ilitoka thelathini na saba. Nilimsindikiza mpaka kwenye benchi, kwa sababu miaka thelathini si kitu cha kutupa, nikamwonyesha mahali pa kukaa, pale mwisho, ambapo ubao umepinda kidogo. Kisha nikawahi ndani. Zulia langu lilikuwa limefika.

Kutoka mlangoni niliwasikia. Jirani yake alikuwa mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki, iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka pembe zimekuwa laini kama kitambaa. Namba yake ilikuwa thelathini na sita.

"Samahani, mzee mwenzangu," Bwana Kwanza akasema. "Hapa huwa wanafunga saa ngapi?"

Mzee hakugeuka. Alikuwa anatazama kiti kitupu cha dirishani, kama mtu anavyotazama chungu kilicho jikoni.

"Hapa hakuna saa," akasema. "Wanafunga Mkurugenzi akichoka."

Bwana Kwanza alijisogeza mpaka ukingoni mwa ubao, ili mzee apate mahali pa kunyooshea mguu.